Nilitunga Mila ya Uongo kwa Kuogopa Baiskeli

Kosa ni langu, ndugu zangu, na ni langu peke yangu. Simsingizii shetani, maana siku ile hata yeye angenishika bega akaniambia, "Kijana, hapo umezidi."

Jina langu naomba nilifiche. Karatu ni mji mdogo na nimeshachekwa vya kutosha, kuanzia sokoni hadi gereji. Lakini jambo hili limenikaa kooni, na bora nilitoe leo kabla sijapoteza mchumba kabisa.

Mimi sijui kuendesha baiskeli. Au niseme, nilikuwa sijui. Nimekulia Loliondo, na wenzangu wengi kule wanaendesha vizuri tu. Mimi nilijaribu mara moja nikiwa darasa la tatu, nikaenda moja kwa moja hadi ndani ya josho la ng'ombe. Nilitoka nimelowa dawa mwili mzima. Tangu siku hiyo sijaumwa na kupe, lakini baiskeli sikuigusa tena.

Nikaja Karatu, nikapata kazi ya bustani kwenye loji moja. Mapokezi pale kulikuwa na binti, tumwite Selina. Mzuri, mcheshi, kwao ni Daa. Nilipokuwa namtongoza nilimwambia mengi, na ulimi hauna mfupa. Mojawapo ni kwamba kwetu nilikuwa nikichunga ng'ombe mia mbili nikiwa juu ya baiskeli.

Ng'ombe mia mbili! Kwa baiskeli! Na yeye akaamini, masikini.

Sasa ikatokea mwongozaji wa safari za baiskeli akaacha kazi ghafla, na wageni wanne wanasubiri kesho yake asubuhi. Bosi akashika kichwa. Selina, kwa mapenzi yake, akasema mbele ya watu wote, "Bosi, huyu wa bustani ni fundi wa kuendesha baiskeli. Mimi namdhamini."

Hapo ndipo ningepaswa kusema ukweli. Badala yake nikatabasamu kama mtu aliyekuwa anangoja kuitwa.

Njia yenyewe naijua vizuri, maana siku zangu za mapumziko huwa naitembea kwa miguu. Ni barabara ya udongo mwekundu inayopita kati ya mashamba ya kahawa, inapanda kilima inashuka, inapanda tena inashuka, na magari hayapiti isipokuwa moja moja. Kimya chake unasikia hadi nyuki kwenye maua ya mibuni. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, aliniambia vilima vile vinamkumbusha mashamba ya mizabibu ya kwao, ambako alikuwa akiendesha baiskeli na mumewe kila Jumamosi. Alikuwa na hamu ya kupanda hadi anatetemeka.

Mimi pia nilikuwa natetemeka.

Gari likatushusha juu kabisa ya mteremko mrefu unaoelekea Daa, likaondoka. Wageni wakavaa kofia zao ngumu wakanigeukia. Nikaangalia ule mteremko, nikaliona josho la Loliondo linaniita. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Kabla hatujaanza," nikawaambia, "lazima mjue mila za Wairaqw, wenyeji wa huku. Katika njia hii mtu hapandi baiskeli. Anaikokota, kwa heshima ya mababu waliolala ndani ya ardhi hii."

Yule mama akavua kofia yake akaiweka kifuani.

"Mpaka wapi?" mmoja akauliza.

"Mpaka mteremko uishe."

"Na ukiisha?"

"Unaanza mwingine."

Basi tukakokota! Saa tatu nzima tumekokota baiskeli za gharama, kupanda tunakokota, kushuka tunakokota. Uongo nao, kama ujuavyo, haupendi kukaa peke yake. Kufika kwenye mti mkubwa wa mgrivea nikasema hapa tunapiga kengele mara tatu na kusema "heshima". Wakapiga, wakasema. Mmoja akauliza, "Na tukimwona mtu anapita amepanda?" Nikajua saa zile hapiti mtu, nikamjibu, "Mwambieni: Shuka! Heshima!"

Nilidhani watanishtaki kwa bosi. Thubutu! Waliandika mtandaoni kwamba hawajawahi kupata safari yenye utulivu namna ile, na kwamba wamejifunza kupunguza haraka za maisha. Wageni wakaanza kuja kwa makundi wakiulizia "safari ya kukokota". Waongozaji wa makampuni mengine wakaja kunichungulia, na wao wakaanza kukokota. Bosi akanipa fulana yenye picha ya baiskeli. Selina akaniambia nimemtoa aibu, kwamba sasa ana la kumwambia baba yake kuhusu mimi. Tukapanga mshenga aende Daa mwisho wa mwezi.

Wiki mbili kabla ya posa, niko njiani na wageni wanane. Tumefika katikati ya mteremko, nasikia nyuma yetu chuma kinalia kwa mbio. Nageuka, namwona mzee mwenye koti na kofia ya sufu juu ya baiskeli nyeusi ya zamani, maboga matatu kwenye keria. Breki zake ni soli ya kiatu.

Wageni wangu wakajipanga barabarani kama askari, mikono juu. "SHUKA! HESHIMA!"

Mzee wa watu atashukaje? Aliburuza kiatu hadi kikatoa moshi, akakata kona, akaingia ndani ya kahawa. Maboga yakaendelea na safari bila yeye.

Namshukuru Mungu hakuumia. Akatoka mibuni akijipangusa majani, akaniuliza taratibu, "Kuna nini?"

Mgeni mmoja akajaribu kumweleza kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Mzee, mila. Mila ya Wairaqw."

"Mimi ni Mwiraqw," akasema mzee, bado ananitazama mimi. "Babu yangu amezikwa pale juu. Nimepita hapa kwa baiskeli maisha yangu yote. Hiyo mila imepitishwa lini, mbona sikuitwa kwenye kikao?"

Ndugu zangu, nilikuwa na nafasi ya kupiga magoti. Hata shikamoo sikumpa! Nikawageukia wageni nikawaambia kwa Kiingereza, "Msimjali. Mzee huyu amelewa."

Nikikumbuka hapo natamani nijimeze.

Mzee akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu. Akasema yeye ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, na pombe hajaionja tangu aoe. Wageni wote wakanitazama. Nikangoja aniumbue, maana alikuwa na haki zote. Lakini akamwangalia yule mgeni aliyekuwa anakusanya maboga kwa adabu, akapumua, akaishika baiskeli yake na kuanza kuikokota pamoja nasi. Alikokota mpaka chini, na kwenye mgrivea akapiga kengele mara tatu.

Tulipofika bondeni akanivuta pembeni. "Kijana, hujui kuendesha."

"Nani kakwambia, mzee?"

"Mtu wa baiskeli suruali yake ina grisi ya mnyororo mguu wa kulia. Yako nyeupe kama ya harusi." Akaondoka zake.

Sasa nimalizie aibu yenyewe. Siku ya posa nimevaa suti, niko nyuma ya mshenga, Selina ametutangulia kwao. Tunapiga hodi. Anayefungua mlango ni yeye! Koti lile lile, na ukutani kwa ndani imeegemezwa ile baiskeli nyeusi!

"Karibuni," akasema. "Karibu na wewe, uliyenilewesha."

Selina akanigeukia. "Ulimwambia baba yangu amelewa?"

Ikabidi nieleze yote pale sebuleni, josho, ng'ombe mia mbili, mababu, kengele. Mama yake alicheka hadi akatoka nje. Selina hakucheka. Alisema, "Nilikudhamini mbele ya watu," akaingia ndani, na kwa wiki nzima hakunisemesha hata salamu.

Mzee hakutaka mbuzi wa faini wala msamaha wa maneno. Alimwambia mshenga, "Jumapili baada ya ibada tutakaa pale bondeni. Siku nitakapomwona anashuka mteremko ule juu ya baiskeli mpaka miguuni kwangu, ndipo tutaongea habari za binti. Akija kwa miguu, arudi kwa miguu."

Nilijifunza kwa mpishi wetu wa loji, mama wa miaka hamsini na kitu, akinishikia siti huku amevaa aproni na akinitukana kwa upendo. Nimeanguka kwenye kabichi, kwenye matofali, na juu ya kuku aliyekuwa ameshaandikiwa supu, akapona kwa kukimbia. Goti langu hadi leo halikunjiki vizuri. Lakini nilijua, jamani! Nilijua kabisa!

Jumapili ikafika. Niko juu ya mteremko, chini kabisa namwona mzee kwenye kiti, mama, mshenga, na Selina na gauni lake la njano. Nikapanda. Nikashuka! Upepo usoni, kahawa kulia, kahawa kushoto, nikamwelewa yule mama wa mizabibu alikuwa anatetemekea nini. Nilimwona Selina anasimama.

Nikakata kona ya mgrivea.

Wageni kumi na wawili wa kampuni nyingine, wanapiga kengele! Wakaniona. Wakajipanga barabara nzima, mikono juu. "SHUKA! HESHIMA!"

"Nipisheni!" nikapiga yowe. "Hakuna mila! Ni uongo!"

Mwongozaji wao akatikisa kichwa kwa huzuni. "Kaka, mila ni mila. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

Nikafunga breki. Na ukishasimama mbele ya watu kumi na wawili waliofumba macho wakiwaombea mababu wa wakwe zako, kupanda tena unaona haya. Nikakokota hadi bondeni.

Mzee akanitazama, akaitazama baiskeli. "Umekuja kwa miguu."

"Baba, nilikuwa juu! Wamenishusha!"

"Nani kawaambia wakushushe?"

Nikainama. Hapo Selina akacheka, cheko la kwanza tangu siku ile, akaziba mdomo na kanga ya mama yake. Mzee akainuka, akachukua kiti chake. "Jumapili ijayo," akasema.

Vijana wenzangu, usipojua kitu, sema sijui. Neno ni moja tu na halimchubui mtu goti. Na nyinyi mnaopita njia ile ya kahawa, nawaomba kwa magoti yangu haya mabovu: Jumapili mkimwona mtu anashuka mbio, amevaa suti, macho yamemtoka, mguu wa kulia wa suruali una grisi, mpisheni apite. Mila hiyo haipo. Niliitunga mimi.