Namba Kumi na Saba

Pale kwenye banda la kubangulia korosho, Kibiti, sisi wanawake hatukuwa na majina. Tulikuwa na namba. Namba imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye benchi, imeandikwa kwenye sinia lako, na kwenye daftari la mizani pia ipo. Mimi kumi na sita. Aliyekaa kushoto kwangu ni kumi na saba, na huyo ndiye ninayetaka kumsema, maana nikimwacha, yeye haniachi.

Mimi kwetu Mbwera, huko visiwani. Nimekulia juu ya dungu, kile kichanja cha shambani, naamia ndege wasile mpunga wa mama. Shule niliishia darasa la pili, mto ukajaa, tukahama, basi, sikurudi tena na wala sikuulizwa. Kubangua nimejifunzia ukubwani, ninyi wajukuu zangu mmeshazaliwa. Si kazi ngumu kuielewa. Korosho ikishapikwa unaiweka juu ya jiwe, unaigonga na kirungu kidogo cha mti. Ukigonga kwa woga haifunguki, ukigonga kwa hasira imepasuka. Na vidole uvipake jivu, maana yale mafuta ya ganda yanababua mpaka ngozi inatoka kama ya nyoka.

Mwenzangu alikuwa Mnyamwezi. Alimfuata mume aliyekuwa kibarua wa lile daraja la Ndundu, daraja lilipokwisha mume akaenda zake, akamwacha na binti. Mwenyewe alikuwa anasema, "Mtu wa kwanza kulivuka lile daraja ni mume wangu, na hakugeuka nyuma." Anasema hivyo anacheka, mnacheka naye, halafu baadaye uko nyumbani unapepeta mchele ndio inakuchoma.

Sasa Mnyamwezi kwetu sisi watu wa pwani ni mtani. Asubuhi nikifika namwambia, "Mbeba mizigo, umeamka?"

"Nimeamka, mla kaa. Leo tope umelinawa au umekuja nalo?"

Hivyo mpaka jioni. Lakini mkono wake, jamani. Ko. Ko-ko. Ananyamaza kidogo anapuliza vidole. Ko. Ko-ko. Korosho zinatoka nzima, nyeupe, zimejikunja kama sikio la mtoto mchanga. Sinia lake ukilitazama unaona haya kuweka la kwako karibu.

Tajiri wetu hakuwa mtu mbaya. Hakumtusi mtu. Ila alikuwa na jambo lake moja. Kila alasiri anapita na sinia la zilizopasuka, anachagua moja, anainyanyua juu watu wote waione: "Hii ya nani?" Mwenye namba anasimama. Anamtazama, anairudisha, anakwenda. Miaka yote ile ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu na tajiri.

Mtani wangu hakuwahi kusimamishwa. Basi unaweza kusema ana bahati. Yeye akaninong'oneza siku moja, "Humu ndani korosho nzima ni ya tajiri. Iliyopasuka ndiyo ina mama yake."

Siku nyingine tunakula muhogo wa kuchemsha pale nje, akasema bila kucheka, na yeye kusema bila kucheka ni habari: "Nataka siku moja tu anyanyue nzima aulize ya nani. Nisimame niseme yangu. Halafu hata nikifa."

Nikamwambia, "We mbeba mizigo, ufe nani atabeba?"

Akasema, "Utabeba wewe."

Msimu ulikuwa katikati. Homa ilimshika Jumatatu, Alhamisi tukamzika.

Kwenye msiba wa mtani wako, wewe ndiye mwenye ruhusa ya kucheka. Nilifunga kilemba chake, nikavaa ndala zake, nikapita katikati ya watu naburuta mguu wa kushoto kama yeye, nauliza kwa sauti yake, "Nani kakalia benchi langu?" Watu walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilicheka kuliko wote. Tajiri hakuja. Alituma mtu aseme poleni sana, na kesho banda linafunguliwa saa ile ile.

Siku ya tatu kazini ndio nikasikia. Adhuhuri, jua kali, banda limejaa watu. Kushoto kwangu benchi tupu. Ko. Ko-ko. Kimya kidogo. Ko. Ko-ko. Nikasimamisha mkono nisikilize, na kumi na tano naye kasimamisha mkono. Tukatazamana. Nikamwambia, "Umesikia nini?" Akasema, "Mimi sijasikia kitu, bibi, na wewe hujasikia." Akaendelea kugonga, akapasua tatu mfululizo.

Wakamweka mwanamke mwingine pale. Hakumaliza mchana, akasema mkono wa kushoto umekufa ganzi. Akawekwa wa pili, huyo hakurudi hata kufuata kanga yake aliyoisahau. Baada ya hapo watu wakaanza kuugua. Huyu tumbo, yule kiuno, na magonjwa yote yanaanza saa ya kwenda kazini na kupona saa nane. Waliobaki wanagonga huku wanageuza shingo, na korosho haitaki mtu wa kugeuza shingo. Tajiri akawa ananyanyua mpaka mkono unachoka. "Hii ya nani? Na hii?" Tukasimama sote kama tunaswali.

Ndipo akaleta meneja. Binti kutoka Dar, msomi, ana miwani, kicheko hakiko mbali. Siku ya kwanza tu tulimsikia kupitia ukuta wa mabati anamwambia tajiri, "Mzee, hawa kina mama lini waliambiwa ahsante?"

Binti akachukua daftari la mizani, akajifungia ofisini siku mbili. Hakumwuliza mtu, alitaka zawadi iwe ya kushtukiza. Jumamosi akatukusanya. Soda kila mtu yake, meza ina kitambaa, juu yake doti ya kanga mpya, karatasi ya hongera kwenye fremu, na sinia la korosho nzima. Akasema amepima msimu mzima, na kuna mtu mmoja, hata ukihesabu wiki za mwisho ambazo inaonekana alikuwa mapumziko, hakuna aliyemfikia.

"Mfanyakazi hodari wa banda letu ni namba kumi na saba. Mama, njoo."

Nani atakwenda? Tukainamia soda zetu. Binti anatabasamu, anadhani ni haya. "Usiogope mama yangu." Nikamtazama tajiri, nikamwona naye anazungusha macho kwenye benchi moja moja, anamtafuta. Kumbe hata kwamba kumi na saba ndiye tuliyemzika, alikuwa hajui.

Nikajiambia, arobaini yake bado, msiba haujaisha, na mtani ni mimi. Nikavuta kilemba mbele kama alivyokuwa anavuta. Nikaondoka pale naburuta mguu. Nyuma yangu nikasikia mmoja anasema, "Lailaha."

Binti akanishika mkono. "Hongera sana mama."

"Ahsante mwanangu," nikasema, na sauti ilikuwa ya mtani, sikuitafuta. "Nimetoka mbali."

"Kwani unakaa wapi?"

"Pale nyuma ya msikiti, mchangani. Chumba kidogo, lakini hakivuji."

Kina mama wakaangua kicheko, kile kicheko ambacho ukikigeuza ni kilio. Binti naye akacheka kwa kuwa watu wanacheka.

Tajiri akasogea. "Huyu si kumi na saba. Huyu kumi na sita, namjua, juzi kapasua nne. Mama, unamdanganya meneja mbele yangu?"

Kumi na tano akasimama, mikono kaifunga kifuani. "Tajiri, huyo mtani wake. Kumi na saba yuko kaburini. Wewe ulituma mtu aseme poleni."

Kanga ilibaki hewani, nusu mkononi mwa binti nusu mwangu. Binti akavua miwani. Tajiri ni mtu wa pwani, utani anaujua, na anajua kwamba mtani hafukuzwi msibani. Akasema polepole, "Basi chukua kanga, uwapelekee watu wake."

"Kanga sijaifuata," nikasema. "Nimekuja uniulize."

"Nikuulize nini?"

"Unachouliza kila siku. Ila shika nzima."

Akatazama mlango. Nilidhani ataondoka, na angeondoka ningebaki na mtu ndani yangu sijui nimpeleke wapi. Halafu akanyoosha mkono kwenye sinia, akachukua moja, akainyanyua. Hakuinyanyua juu sana, usawa wa kifua. Akauliza kwa sauti ya mtu aliyepotea njia, "Hii ya nani?"

"Yangu," nikasema.

Wakapiga makofi. Wanawake wote, na binti, na mpimaji wa mizani. Na mimi nikasikia raha, wajukuu zangu, raha ya kweli, imenipanda kutoka nyayoni mpaka utosini, sijapata kuisikia hata siku ya harusi yangu. Nikainua kichwa. Nikamtazama tajiri usoni.

Kuanzia hapo benchi lile halikulia tena. Binti akafuta namba, akaandika majina, na la mtani likawekwa kwenye fremu ukutani, jina kamili na la baba yake. Kila alasiri binti anapita na sinia la nzima anauliza za nani, na vichwa vinainuka. Waliougua walirudi wote. Wengine walikuja na shoga zao. Tajiri naye alijifunza, kwa shida, kama mtu mzima anayejifunza kupanda baiskeli. Kanga niliipeleka kwa binti wa mtani, nikampa mkononi. Yote hayo yalikuwa mema, siyakatai.

Lakini yale makofi. Nimekwenda kwa niaba yake, na aliyeyafaidi ni mimi. Ile raha ilikaa kwenye kifua changu, si chake, na mimi sikuifanyia kazi, nilikuwa napasua nne kwa siku. Wenzangu wanasema umemtua mzigo, ndiyo maana kanyamaza. Mimi najiuliza kama kanyamaza kwa kuridhika, au kanyamaza kama anavyonyamaza mtu aliyeibiwa na nduguye.

Ijumaa moja nilikwenda kaburini asubuhi, nikakaa. Nikamwambia, "Mbeba mizigo, nimekufikishia au nimekuibia? Nitukane basi, nijue." Nikangoja mpaka jua likanipata mgongoni. Maisha yake yote yule mwanamke hakuwahi kukosa neno la kunijibu.