Masika Aliyekuwa na Dada Mkubwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Kitswamba, mkuu wa shule alinipa boksi la chaki na rejista, yaani daftari la kuita majina kila asubuhi. "Mwalimu," akasema, "kitabu hii haidanganye. Mutoto mwenye haiko ndani, kwetu haiko." Nikayashika maneno hayo kama amri ya kumi na moja, kijana mpumbavu mimi.

Kutoka hapo nilipelekwa Kyarumba, mlimani, ambako msimu wa kahawa nusu ya darasa hubaki shambani. Huko ndiko nilikojifunza kuisoma rejista. Sisi Wakonzo humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa: binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, ambaye ndugu zetu wa Congo humwita Kavira. Ungenisomea majina tu, ningekwambia nani ana dada mkubwa nyumbani. Nilijivuna sana kwa ujuzi huo.

Mwisho nikahamishiwa Bwera, kufundisha historia. Siku moja, katika andalio la somo, ile karatasi ya kupanga utakachosema kabla hujaingia darasani, niliandika: vijana Wayahudi wakati wa vita vya Ulaya. Niliwaeleza wanafunzi jinsi walivyowindwa kwa kosa la kuzaliwa Wayahudi, na jinsi wengi walivyouawa. Nikawapa mfano wa binti aliyeokoka kwa cheti cha ubatizo cha jirani aliyekufa. Alikariri sala za marehemu, siku yake ya kuzaliwa, hata jina la bibi yake.

"Mwongo au jasiri?" nikauliza.

"Jasiri!" darasa likapiga kelele, nami nikakubali. Msichana mmoja tu, Masika, aliyekimbia vita upande wa Beni, Congo, aliinamia daftari lake.

Wiki hiyohiyo nilikuwa najaza fomu za mtihani. Nikamtania mbele ya wenzake: "Masika, mkubwa wa nyumba, nani alikufundisha mwandiko mzuri hivi?"

"Dada yangu mukubwa, mwalimu."

Kicheko kikalipuka. Masika na dada mkubwa, wapi na wapi? Yeye hakucheka. Alishika meza kwa mikono miwili, nami nikajuta papo hapo. Kweli mdomo huponza kichwa, ila safari hii kilikuwa kichwa cha mwingine.

Baada ya vipindi alinifuata. "Masika ilikuwa dada yangu. Walimuua kule kwa shamba. Karatasi zangu ziliungua na nyumba, zake ndizo mama alikuwa amefunga kwa kitenge. Mimi ni Kavira." Kisha akaniuliza: "Yule binti Muyahudi ulisema iko jasiri. Na mimi?"

Wa mbali nilimsifu bila kufikiri. Huyu aliyesimama mbele yangu alinitia hofu. Mbona?

Mkuu wa shule wa Bwera, mama mkali, alikuwa amekisikia kicheko. Kesho yake akaniita. Kama jina si lake, akasema, mtihani hafanyi. "Mwalimu, ule mutoto ni Masika ao hapana?"

"Ni Masika, madam." Nikatia sahihi fomu yake ya mtihani.

Msichana alifaulu, akawa muuguzi, na vyeti vyake vyote vina jina la marehemu. Nilifurahi, nikaona aibu, nikafurahi tena. Nilistaafu na fujo hiyo kichwani, nikaenda kulima nyanya Mubuku, na nyanya hazikunisaidia kuelewa.

Mwezi uliopita alikuja na mtoto mchanga mgongoni. Nikauliza jina, swali la kijinga, kwani alikuwa binti wake wa kwanza.

"Masika," akasema. "Huyu ndiye wa kweli, mwalimu. Sasa mimi nataka jina yangu." Ili alipate, lazima mtu wa shuleni aape kwamba alijua tangu wakati ule kuwa yeye ni Kavira. Mtu huyo ni mimi peke yangu.

Tukaenda Kasese, kwenye ofisi ya kuandikisha majina. Karani akanitazama juu ya miwani. "Na wewe mzee, ulijua?"

Nilimkumbuka mkuu wangu wa Kitswamba na kitabu chake kisichodanganya. Vijana mnaonisikiliza, sijui kama nilitenda mema siku ile ya Bwera au hii ya Kasese, au zote mbili, au hata moja.

"Nilijua," nikasema.

Karani akaandika, akagonga muhuri, akaita: "Kavira!"

Yeye alikuwa akinyonyesha. Hakugeuka. Karani akaita tena, kwa sauti zaidi. Ikabidi nimguse bega.