Tingatinga Anashuka Kinyumenyume

Tingatinga amekula mshahara wa mchezo wa raga miaka mingi, na raga nayo imemla vizuri tu. Ilianza na meno ya mbele, ikahamia begani, sikio la kushoto likakunjamana kama tambara, kisha goti la kulia, ambalo limepasuliwa mara tatu. Kila akilazwa watu husema, "Basi huyo, kwisha habari yake." Msimu ukianza, huyo hapo, anaangusha vijana wa watu na kucheka kwa pengo.

Safari hii goti lilikuwa kaidi kuliko mwenyewe. Kupanda ngazi, sawa. Kushuka ndiyo kasheshe! Naye na familia yake wanakaa ghorofa ya tatu. Kila asubuhi Tingatinga alikamata chuma cha ngazi kwa mikono miwili, akageuza mgongo, akashuka kinyumenyume, kila kidato na kilio chake: "Aaai! Aaai, mama!" Mkewe alimfuata na mfuko wa viatu, mbavu hana.

"Baba Kibonge, gari la kurudi nyuma lina honi. Yako iko wapi?"

"Cheka tu. Jumatatu daktari wa timu akinipitisha, nasaini mkataba wa mwaka mmoja."

"Na akikuambia ushuke ngazi?"

"Ngazi za nini? Uwanja si tambarare?" Kisha akaacha mzaha. "Mwaka mmoja tu, mke wangu. Nataka niage kwa miguu yangu, siyo kwa machela."

Mkewe hakucheka tena.

Jumamosi klabu ilizialika familia za wachezaji kutazama mazoezi. Mjanja wetu akawahi kupanda jukwaani kabla hajafika mtu, akakaa juu kabisa, akipanga kushuka wakishaondoka wote. Daktari alikuwa chini kando ya kocha.

"Vipi goti?" akauliza kwa sauti.

"Chuma hili!" Tingatinga akalipiga kofi. Machozi yakamlenga, akalisingizia jua.

Mara Kibonge, bintiye wa miaka mitatu aliyekaa naye huko juu, akauona mpira chini akautaka. Akafika kwenye ngazi, akakamata chuma kwa mikono miwili, akageuza mgongo. "Aaai! Aaai, mama!"

Jukwaa zima likaangua kicheko. Daktari akakimbilia kwenye ngazi.

"Umeumia wapi, mama?"

"Siumwi," Kibonge akamjibu, akimshangaa. "Baba anashuka hivi."

Kicheko kikakatika. Daktari akainua macho, na kocha naye. Tingatinga alikuwa na uongo tayari mdomoni, watoto bwana, michezo yao hiyo. Lakini Kibonge alikuwa amefika katikati, anatafuta kidato kwa mguu hakipati, na sasa analia kweli. "Baba, njoo!"

Akainuka. Akaigeuzia mgongo klabu nzima, akakamata chuma, akashuka. "Aaai! Aaai, mama!" Akamfikia bintiye, wakashuka wote wawili, kidato kwa kidato, wakilia kwa zamu. Chini daktari akawapisha.

"Jumatatu usije," akamwambia taratibu.

"Siji, daktari."

Mkewe akawafikia, anacheka huku anajifuta macho kwa kiganja. "Si ulitaka kuaga kwa miguu yako? Haya, ndiyo umeshaaga. Kinyumenyume, lakini kwa miguu."

Tingatinga akacheka kwa pengo lake, kisha kilio kikamshinda, akaficha uso begani kwa mtoto.

"Baba," Kibonge akasema, "twende tena."