Msitu Usiovukwa na Panga

Ninyi wenzangu mliokua mkibeba kuni kichwani mtakumbuka harufu ya msitu mvua ikishakatika: majani yaliyooza, uyoga, na ochuoga, yale matunda meusi ya miibani yaliyotuacha na midomo kama tumekunywa wino. Msitu wetu ulikuwa kilimani, nje kidogo ya Kosele, na haukuwa wa mtu mmoja. Ulikuwa wa ukoo.

Sheria ilikuwa panga halivuki. Tulipofika kwenye jiwe kubwa la kuingilia, nyanya alituamuru tulaze mapanga nyasini, tuingie mikono mitupu kuokota kilichoanguka. Mdogo wangu Ouma aliwahi kuning'inia kwenye tawi kavu ili lianguke lenyewe. Likaanguka naye, juu ya siafu. Nyanya alicheka mpaka akaketi chini.

"Haya, umeliokota," akamwambia. "Na siafu nao wamekuokota."

Mti mbichi ulikatwa kwa ajili ya magenga tu, ule moto mkubwa unaowashwa uani mwenye boma akifa, waombolezaji wakauzunguka. Kwa hiyo mara ya kwanza kuona mti wa pale ukikatwa ilikuwa siku za msiba wa baba. Mama alikuwa ametangulia. Wazee waliliburuta gogo kwa ng'ombe, na hata wageni walipokwisha kutawanyika, niliendelea kupata makaa chini ya majivu, nikawapikia wadogo zangu uji. Niliacha shule nikiwa darasa la sita. Tangu hapo kuni za msitu ule ndizo zilizotulea: nyingine jikoni, nyingine sokoni.

Juzijuzi wapimaji wa ardhi walipokuja, vijana wakataka msitu ugawanywe, kila boma lipate kipande chake. Ouma, ambaye siku hizi ni mfanyabiashara mwenye kitambi huko Isebania, ndiye angesema kwa niaba ya boma letu. Akanipigia simu.

"Dada, tuchukue chetu. Nitapanda tumbaku, na miti itatosha kuikaushia."

"Chukua, jaduong'," nikamwambia, nikimwita mzee kwa dhihaka. "Siku yako ikifika tutakuwashia magenga ya mabua ya mahindi. Yatazima kabla shemeji zako hawajafika."

Akacheka kicheko kilekile cha utotoni. "Wewe na nyanya ni mtu mmoja!"

Kwenye mkutano wa ukoo alisimama wa kwanza. "Boma la baba yetu halitaki kipande. Msitu uandikwe wote, kwa jina la ukoo." Vijana walimzomea, lakini boma moja lilifuata, kisha jingine, na ndivyo ulivyoandikwa.

Disemba Ouma aliwaleta wanawe msituni. Siafu mmoja tu, wakapiga yowe kama wameona chui! Mmoja aliuliza ochuoga inauzwa duka gani. Enzi zetu nyasi za pale jiweni zilijaa mapanga; wao hawana hata kisu, basi nikawaambia waache simu zao hapo. Walinuna, wakaingia.

Walipotoka midomo ilikuwa myeusi, na hakuna aliyekumbuka simu. Nilisimama pale jiweni nikitazama nyasi ambapo nyanya alilaza panga lake. Kisha nikaingia kuokota kuni.