Kamera Juu ya Kabati

Mkurugenzi wetu mpya wa kanda alifika Uvira na kijitabu. Kampuni yetu ya simu, yenye ofisi katika nchi nyingi, ilikuwa imempa ili kimsaidie kutuelewa. Alikisahau mezani kwangu, nikakisoma chote kabla hajarudi kukitafuta. Humo nilijifunza kwamba sisi hatujui saa, kwamba tunacheka tukiwa na huzuni, na kwamba mwanamke wa Kiafrika, kwa heshima, hamwangalii mkubwa wake machoni.

Nilicheka, na sikuwa na huzuni yoyote. Baba yangu alikuwa mwalimu huko Runingu, karibu na Uvira, na ukimjibu huku unaangalia vidole vya miguu, alikurudisha mlangoni uingie upya. "Niangalie nikisema na weye," ndivyo alivyotulea. Kwa hiyo mimi namwangalia kila mtu: polisi, padri, mama anayeuza samaki wa ndagala. Nilimwangalia hata mkurugenzi, ambaye siku hiyo alikuwa amechelewa saa nzima na nusu.

Wakati huo nilikuwa nakaimu ukuu wa tawi kwa mwaka wa pili. Kazi yote niliifanya mimi. Kilichobaki ni cheo, nami nilikitaka, sioni haya kusema. Baada ya ziara ile ikaja barua: mwombaji ana uwezo, ila hana mizizi ya kutosha katika utamaduni wa mahali. Mimi niliyezaliwa hapa, kumbe si wa hapa. Mizizi yangu alikuwa nayo yeye, mfukoni, ndani ya kijitabu. Nilikasirika hadi chakula kikanishinda.

Kamati ya ajira ikanipa nafasi ya mwisho, mahojiano kwa video. Kamera ya kompyuta yangu ilikuwa imekufa kwa vumbi, kwa hiyo fundi wetu akaweka nyingine, ndogo kama kidole gumba, juu ya kabati la mafaili lililo mbele yangu, ng'ambo ya meza. Niliingia nimefura. Nilimkazia macho mkurugenzi pale kwenye skrini, nikamweleza ni nani anayeliendesha tawi hili, na kwamba kijitabu chake kingewafaa wauza karanga wa mtaa wa Kilibula kwa kufungia karanga zao. Sikupepesa hata mara moja. Nilitoka nikijua nimejiharibia.

Wiki moja baadaye nikapewa cheo. Barua ilisema kwamba ingawa maneno yangu yalikuwa makali, macho yangu yalibaki chini muda wote, na kamati imeguswa na heshima hiyo ya asili.

Nilimwita fundi. Alisoma, akacheka mpaka akatafuta kiti. "Chef," akasema, akinipa ukubwa wangu mpya, "weye ulikuwa unaangalia muzungu kwa skrini. Kamera iko huku juu. Yeye aliona tu kope zako."

Nilisaini barua ya cheo. Baba alipopiga simu kuuliza kama niliwaangalia, nikasema niliwaangalia, naye akafurahi kiasi kwamba sikuona sababu ya kuingiza habari za kabati. Fundi alitaka kuishusha kamera, nikamwambia aiache hapo hapo. Niliona nimewapata kweli kweli.

Mwezi uliofuata mkurugenzi aliitisha mkutano mwingine wa video. Alisema wale dada wawili wa kaunta wahamishiwe stoo, kwa kuwa wavuvi wa ziwa hawapendi kuhudumiwa na wanawake. Wavuvi hao hao, ambao samaki wao hawafiki popote bila akina mama wa soko. Nikamkazia macho, nikasema hapana.

"Vizuri," akasema. "Naona umeinamisha macho. Umekubali."

Niliwasikia dada wale upande wa pili wa ukuta, wakimwelekeza mteja. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Mwezi mzima nilikuwa namcheka, kumbe ile kamera ilikuwa inamtumikia yeye. Nikauacha uso wake, nikainua wangu, nikakitazama kile kipande cha plastiki juu ya kabati na kusema tena, polepole: hapana.

Nikasikia akigonga kompyuta yake. Kisha akauliza kama mtandao wa Uvira umeharibika, kwa kuwa picha yangu inamwangalia.