Arobaini ya Mishi

Mamangu Mishi alimzaa mtoto wake wa kwanza Likoni, mwaka wa 1947, na siku ya tatu Mola akamtwaa yule mtoto. Tangu maziko Mishi hakusema neno. Lakini maziwa hayakujua kuna msiba; yalimlowesha kanga, na kila akisikia mtoto wa jirani alia, alitoka mbio, kichwa wazi, akaingia nyumba za watu kumbeba. Haikuchukua wiki, wanawake wa mtaa wakawa wanafunga milango wakimwona.

Ndipo akaja ami Abdillahi, aliyemlea babangu Jumaa baada ya babu kufa. Alikuwa ameshasema na mkubwa wa mtaa: Jumatatu, Mishi apelekwe bara, hospitali ya wenda wazimu. Babangu aliinama. Aliyejibu ni mamake, nyanya Mwanasaumu.

"Mzazi hatoki nyumbani kabla ya arobaini."

"Mzazi gani, shemeji? Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto yuko kwa Mola wake. Tumbo lililomzaa liko hapa. Kwani wewe, Abdillahi, umezaa mara ngapi hata unifundishe?"

Kwetu mzazi hukandwa kwa maji moto, hufungwa mkaja tumboni, hunyweshwa uji wa pilipili manga, wala haachwi peke yake siku arobaini. Mkunga alikataa kuja. Akasema kumfunga mkaja asiye na mtoto ni kuita nuksi.

"Na ije," akasema nyanya. "Itanikuta jikoni."

Akamkanda mwenyewe, na vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi. Jirani mmoja akaja kumsaidia: Kafedha, mama wa Kigiriama, mtu wa kanisa, aliyelima muhogo nyuma ya nyumba. Alileta kuni na mafuta ya nazi, akatandika mkeka kando ya Mishi.

"Mimi nimezika wawili," akamwambia. "Lia, mwanangu. Humu hakuna wa kukusifu kwa kunyamaza."

Mishi akalia siku mbili.

Jumatatu ami akafika na wanaume wawili. Nyanya akaketi kizingitini, akanyoosha miguu.

"Nirukeni."

Nani atamruka mama mtu mzima? Wakasimama pale kama waliotumwa wakasahau walichotumwa. Mara sauti ikatoka ndani, nyembamba:

"Shikamoo, ami. Mwambie mkubwa wa mtaa siku zangu hazijesha."

"Marahaba," akajibu ami, maana shikamoo haiachwi ikaanguka chini.  Kisha akageuka, akaenda zake na watu wake.

Sisemi mamangu alipona yote. Maisha yake yote kulikuwa na siku asizotaka kuguswa wala kusemeshwa, nasi tulikaa naye hivyo hivyo. Lakini arobaini ilipotimia alitoka mchana kweupe, amevaa maua ya asmini, na babangu kamshika mkono, jambo ambalo wanaume wa wakati ule hawakulifanya njiani.

"Ee Jumaa!" wakamcheka barazani. "Umekuwa mkongojo wa mkeo?"

"Ndiyo," akasema babangu. "Mwataka nini?"

Wao wawili wakaendelea kutembea, polepole, mpaka mwisho wa mtaa.