Nusu Bei Imefutwa, Simu Zinaendelea Kuita

“Nakusikia, kaka yangu.”

“Mimi si kaka yako!”

“Sawa, mteja wetu.”

“Mteja? Mteja gani ananyang’anywa mzigo wake mchana kweupe? Usiniite mteja!”

Mama mwenye miwani anapiga funda la maji. Mkono wake wa kulia unaendelea kuandika kwenye kompyuta, wa kushoto umeshika kikombe cha maji ya vuguvugu. Saa mbili asubuhi haijatimia, na tayari ameshaitwa mwizi mara mbili.

“Basi nikuiteje, ili tuendelee?” anauliza.

Upande wa pili mtu anacheka, kama aliyekuwa hataki kucheka.

“Niite kaka tu. Haya, niambie, jiko langu liko wapi?”

Jiko halipo. Ndiyo kazi ya mama huyu wiki hii: kuwaambia watu kwamba walichonunua kwa nusu bei hawatakipata, na kuwaambia hivyo kwa namna ambayo hawatalala na hasira.

Wenzake chumbani humu wanamwita Shangazi. Si shangazi wa mtu yeyote kati yao, ila ana miaka arobaini na sita na wengi wao hawajafika thelathini. Anapokea simu za wateja katika kampuni inayouza vyombo vya nyumbani kwa njia ya simu: majiko, magodoro, friji, mashine za kufulia. Mezani pake pana kompyuta, spika za masikioni zilizofungwa kitambaa ili zisimchubue, na chupa ya maji.

Kisa chenyewe ni kifupi. Kampuni ilijenga ghala jipya katikati ya makazi ya watu. Ujenzi ulichukua miaka miwili, na kwa miaka hiyo miwili majirani walikula vumbi na kuamshwa na malori. Ghala lilipofunguliwa, kampuni ikaona iwatake radhi. Kila nyumba ya mitaa miwili inayopakana na ghala ikasukumiziwa kadi chini ya mlango. Juu ya kadi palikuwa na namba ya punguzo. Ukiiandika wakati wa kununua, bei inashuka nusu.

Kosa lilikuwa moja. Kadi zote zilichapwa namba ileile, kwa sababu kuchapa namba tofauti kwa kila nyumba kungegharimu zaidi. Mtu mmoja akapiga picha kadi yake, akaituma kwa mtu mmoja. Kesho yake picha ilikuwa kwenye makundi ya simu ya kila aina, ikifuatana na sauti ya mwanamke asiyejulikana akisema kwa haraka: “Wahini kabla hawajashtuka! Kwenye anwani andikeni ‘karibu na ghala’.”

Watu wakawahi. Kadi zilikuwa mia mbili na kidogo. Maagizo yalipita elfu tisa kabla kampuni haijashtuka. Namba ikafutwa, maagizo yote yakafutwa, pesa zikaanza kurudishwa, na simu zikaanza kuita.

“Siku ya kwanza nilisikia kila aina ya neno,” anasema Shangazi. “Mengine sikuyajua, nikamuuliza huyu kijana wa pembeni maana yake. Akakataa kuniambia.”

Kijana wa pembeni ni mwenzake wanayemwita Besi, kwa sauti yake nzito. Anacheka bila kuondoa macho kwenye kompyuta. “Shangazi, yale si maneno ya kumfafanulia mtu wa heshima zako.”

Shangazi hakuanzia kwenye simu. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akitangaza mabasi kituoni kwa kipaza sauti: basi gani linaondoka, nani ameacha mzigo, mtoto wa nani amepotea. Sauti ikaanza kukwaruza, ikakwama kabisa. Alikaa mwezi mzima akiongea na wanawe kwa ishara. Daktari akamwambia kwamba akirudi kupiga kelele, hata hiyo iliyobaki ataikosa.

“Nikafikiri, nani atamwajiri mtangazaji asiye na sauti? Nikaona tangazo la hawa. Nikajisemea, kwenye simu mtu yuko sikioni kwako, unapaza ya nini?”

Kompyuta alijifunza mwenyewe, jioni, kwa kuazima ya binamu yake. Mshahara anaoupata sasa theluthi yake inaishia kwenye kodi ya nyumba, na karibu kiasi kama hicho kwenye shule ya wanawe wawili. Ipo nyongeza kwa wanaomaliza simu ndani ya dakika nne. Yeye humaliza kwa saba au nane. Nyongeza hiyo huisikia kwa wenzake.

Ana utaratibu wake, na hauruki. Kwanza huangalia kama pesa ya mteja imerudi. “Mtu akishajua hela yake iko salama, masikio yanafunguka. Kabla ya hapo utaongea na ukuta.” Kisha humwacha aseme yote. Habishi, wala haombi radhi mapema. “Ukiomba radhi kabla hajamaliza, anaona unamfukuza.”

Simu inaita. Ni mwanamke aliyeagiza friji tatu.

“Zilikuwa za mama yangu,” anasema.

“Zote tatu, dada?”

“Mama ana vitu vingi.”

“Mungu amzidishie.”

Mwanamke anaangua kicheko. “Haya, nimeshikwa. Nilitaka kuuza mbili. Hela yangu lini?” Imesharudi tangu jana, hakuwa ameangalia. Anaaga kwa adabu zote.

Anayefuata ni mwanamume mwenye sauti ya unyonge. Godoro lake la zamani alimpa shemeji yake siku ileile alipoagiza jipya. “Sasa mimi nimpigie shemeji nimwambie nini? Rudisha godoro? Si atanitangaza kwa ukoo mzima?”

“Umelala wapi jana?”

“Kwenye mkeka, na mke wangu hanisemeshi.”

Shangazi hamcheki. Anamtafutia godoro lenye kasoro ya kitambaa, ambalo kampuni huuza kwa bei ya chini kwa mtu yeyote, na kumwambia aje dukani mwenyewe alikague. Simu imechukua dakika kumi na mbili.

Kuna mzee aliyepiga ili kucheka tu. “Bei ile, mwanangu, hata bibi yako hapa aliniambia kuna jambo. Nimepiga nisikie mtasemaje.” Akaridhika, akakata.

Siku ya pili ndipo Shangazi alipogundua kitu. Wengi walianza na bei: nusu bei yangu, haki yangu, mlisema nusu. Lakini wachache walianza na vumbi. Bei hawakuitaja kabisa mpaka wamalize kueleza jinsi walivyofua mapazia kila wiki, jinsi mtoto alivyokuwa akiamka kwa mlio wa lori linalorudi nyuma, jinsi ufa ulivyotokea juu ya dirisha la jikoni. Hao, alifikiri, ndio wenye kadi.

Maana kampuni haikuwa na njia nyingine ya kuwatambua. Mitaa ile haina namba za nyumba, na wote elfu tisa walikuwa wameandika “karibu na ghala”, kama yule mwanamke alivyowaagiza.

Akampelekea wazo hilo msimamizi wake. Msimamizi, mwanamume mpole anayekula chakula chake cha mchana amesimama, naye alikuwa na lake kichwani: kupeleka watu mlango kwa mlango. Wakubwa walisema itachukua mwezi. Wakaunganisha mawili. Wanaodai ni majirani watapigiwa simu na kuulizwa waliishije wakati ghala linajengwa. Watakaopita, dereva anayepeleka mzigo atahakikisha mlangoni. Mzigo wao utasubiri hadi kesho jioni. Baada ya hapo unarudi kwenye rafu na kuuzwa kwa bei yake.

Njia hii haikosi mashimo. Mwanamume mmoja alijibu vizuri kuliko wote. Alijua malori yalikuja saa ngapi, yaliingilia lango lipi, hata lipi lilikuwa na honi mbovu.

“Ulikuwa unakaa nyumba ipi, kaka?” Shangazi akamuuliza.

“Kukaa sikukaa, mama. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha hilo lenye honi mbovu.”

Chumba kizima kilisikia Shangazi akicheka, jambo la nadra. Dereva hakupata mashine ya kufulia aliyoagiza, na hakununa. Alisema alitaka kujaribu tu.

Sasa mchana unaelekea kuisha. Kwenye orodha ya wanaodai ni majirani yamebaki majina kumi na manne ya kupigiwa. Shangazi anayapitia kwa kidole, na kidole kinasimama kwenye moja. Hilo halipigii yeye. Anakaa mtaa uleule wa ghala, na kanuni za kazi hazimruhusu kugusa agizo la jirani wala ndugu. Hata kadi yake mwenyewe hakuitumia.

Jina hilo ni la fundi cherehani anayekaa naye ukuta kwa ukuta. Mume wa fundi alipigwa na kiharusi mwaka juzi, hainuki kitandani. Mashuka yanafuliwa asubuhi na jioni, kwa mikono ileile inayoshona mchana kutwa. Fundi aliagiza mashine ya kufulia kwa kadi yake halali, kwa akiba ya miezi mingi, na ikafutwa pamoja na za wengine.

Hakupiga simu kulalamika, wala kugonga ukuta; alijibu tu ujumbe wa kampuni kwamba ni jirani wa ghala. Besi amempigia tangu jana. Simu yake imezimwa.

“Wanaopiga kelele siwaogopi,” anasema Shangazi. “Anayekutukana bado anataka mzungumze. Ninayemwogopa ni huyu aliyenyamaza.”

Anamfuata msimamizi na kumuuliza kama ni kosa kumwambia jirani awashe simu yake, bila kusema zaidi. Msimamizi anafikiri, mdomo umejaa.

“Kumwambia jibu ni kosa,” anasema hatimaye. “Kumwambia awashe simu, huo ni ujirani.”

Jua limeshuka nyuma ya mabati ya ghala Shangazi anapoingia ua wanaochangia na wapangaji wengine. Fundi amechutama mbele ya ndoo mbili, mgongo kwa lango.

“Hodi, jirani.”

“Kama umekuja na simu yako ya kazini, rudi nayo.”

“Nimekuja na mikono tu.”

Fundi hageuki. “Mikono ndiyo iliyopungua hapa.” Anainua shuka zito linalochuruzika maji na kumrushia ncha moja.

Wanalikamua, mmoja akisokota kulia na mwingine kushoto, mpaka linakuwa kamba. Wanalitundika. Wanachukua la pili.

“Simu umeizima,” anasema Shangazi.

“Nimeizima. Nilishamwambia mzee mashine inakuja. Kila gari likisimama nje anauliza, ndiyo hiyo? Nimjibu nini? Kwamba tumeingizwa mjini?”

“Ungeniambia mimi.”

“Wewe? Unijibu, ‘Nakusikia, mteja wetu’? Sauti yako hiyo ya kazini naijua, unaongea nayo hata usingizini. Ukuta huu mwembamba.”

Shangazi anacheka mpaka ncha ya shuka inamponyoka, na fundi anamkemea kwa kumchafulia nguo. Lakini naye midomo imelegea.

“Iwashe, jirani. Kesho utapigiwa.”

“Na wewe?”

“Si mimi. Kwenye jina lako sina mkono. Ni kijana mwenye sauti nzito. Usimkaripie.”

“Nisimkaripie! Siku zote hizi nimekaa na hasira, nizipeleke wapi?”

“Basi mkaripie kidogo. Lakini pokea.”

Fundi ananyoosha mgongo polepole, mkono kiunoni. “Watanipa?”

“Sijui.”

“Hujui, au hutaki kusema?”

“Sijui, jirani. Ningejua, ningekuja nakimbia.”

Kutoka ndani sauti ya mwanamume, nzito na yenye kujivuta, inauliza ni nani huyo.

“Ni jirani!” fundi anajibu. “Amekuja kufua!”

“Mwambie... asiondoke... bila chai.”

Fundi anafuta mikono kwenye gauni, anaingia ndani, anarudi na simu. Anaibonyeza mpaka kioo kinawaka, kisha anaiegemeza kwenye kizingiti cha dirisha. Inaanza kulia ujumbe mmoja baada ya mwingine. Hausomi hata mmoja.

Shangazi anasema kesho atafika kazini mapema. Majina kumi na matatu ni yake, na anataka kuyamaliza kabla ya mchana, ili Besi apate nafasi ya kulipigia hilo moja bila kuharakishwa. Likifanikiwa, ana ombi moja tu kwa jirani yake: asiiegemeze mashine kwenye ukuta wao. Halafu anabadili mawazo.

“Iegemeze tu,” anasema. “Nataka niisikie.”

Giza limeingia uani na kamba imejaa. Ndani ya ndoo limebaki shuka moja. Shangazi anainama kulichukua, fundi anamshika mkono.

“Hilo liache lilowe. Nitalimaliza kesho. Twende chai.”